Kuta Zilizokula Uji

Ukimwagia maji ya moto ukuta uliobandikwa magazeti kwa miaka mingi, kitu cha kwanza kukupokea ni harufu. Ni harufu ya unga uliochachuka, moshi wa kuni, vumbi, na kitu kingine ambacho mimi nakiita harufu ya Bibi, ingawa najua wewe ungenicheka na kuniambia ni mavi ya mende tu. Hivi karibuni nilisimama katikati ya sebule yake kule Miyuji, khanga kiunoni, ndoo miguuni, kisu butu mkononi. Harufu ile iliponipanda puani nikawa mtoto tena, nimelala kwenye mkeka nausoma ukuta.

Ngoja nikueleze nyumba yenyewe. Ni ya tofali za udongo, imesiribwa kwa udongo, bati juu. Siku hizi imezungukwa na nyumba za watumishi waliohamia Dodoma, zenye vigae sakafuni na mageti yanayofunguka yenyewe, na yenyewe imekaa hapo katikati kama mzee aliyealikwa kwenye harusi ya wajukuu wasiomjua. Zamani huku kulikuwa na mashamba ya uwele na vichaka vya migunga. Jirani ulimjua kwa moshi wa jiko lake, na ukitaka kumsalimu ulitembea kwanza ukachoka ndipo ukafika.

Ukuta wa udongo una tabia yake: hupukutika. Ukiuegemea unaondoka na mgongo mwekundu, ukilala karibu nao unaamka na mchanga machoni. Kwa hiyo kila kiangazi, baada ya kuvuna, Bibi alibandika magazeti. Aliyaomba kwa mwalimu, kwa mwenye duka, kwa padri, akachanganya na mifuko ya saruji na kurasa za kalenda zilizopitwa na wakati. Gundi yake ilikuwa uji mzito wa unga wa mtama, aliupika kwenye sufuria kuukuu na kuupaka kwa kipande cha gunia. Sisi watoto tulipigania mwiko. Ukimaliza kuulamba ulikaa kusubiri ukuta ukauke, na baridi ya kiangazi cha Dodoma, ile yenye upepo wa kuchana midomo, ilikuwa inaingia kila penye tundu.

Bibi hakujua kusoma, na wala hilo halikumsumbua. Alibandika gazeti kwa namna lilivyomjia mkononi: habari zikawa kichwa chini miguu juu, mawaziri wakawa wananing'inia kama popo. Mimi nilijifunzia kusoma kwenye ukuta ule, kwa kupinda shingo, na mpaka leo nikikutana na maandishi magumu kichwa kinainama chenyewe upande. Mwalimu alinichapa sana kwa ajili hiyo, akidhani namdharau.

"Mgeni haoni tumbo, anaona ukuta," Bibi alipenda kusema, huku akirudi nyuma kuangalia kazi yake. Tulikuwa tunamcheka. Ila wageni kweli walikuwa wakiingia, wanatupa macho ukutani, wanakaa wakiwa wameridhika.

Sasa utaniuliza kwa nini nimeyabandua. Ni kwa sababu ya Mama. Tunaishi naye Kikuyu, kwenye nyumba ya kupanga, na miguu yake imeanza kukataa ngazi. Nyumba ya Bibi alirithi Baba, na Baba alipotutoka ikabaki yetu, imefungwa kufuli, panya ndio wenyeji. Nikamwambia, Mama, tuhamie kwetu, tuache kulipia cha watu. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Mimi siwezi kulala kwenye kuta zilizokula uji wa mwanangu," alisema. "Hayo magazeti yatoke kwanza. Yote."

Nilielewa. Ni neno ambalo nimelisikia tangu utoto wangu, na nikueleze linakotoka, kwa sababu bila hilo utaona nahangaika na makaratasi bure.

Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto, mvua ilianza vizuri, ikakata pale uwele ulipotaka kutoa masuke. Wewe kama umekulia huku kwetu unajua mwaka wa namna hiyo unavyoendelea. Kwanza watu wanacheka na kusema tutakula mlenda. Halafu wanakula mlenda kweli, asubuhi na jioni, na ugali unakuwa mdogo kama ngumi ya mtoto. Halafu hawacheki. Baba alikuwa Kongwa, kwenye ranchi, akichunga ng'ombe wa watu, na alikuja nyumbani mara chache. Pale nyumbani tulikuwa Bibi, Mama, mimi, mdogo wangu wa kiume ambaye alikuwa hajaanza kutembea, na Shangazi, mdogo wake Baba, ambaye alikuwa ameshachumbiwa na washenga walikuwa wanangojewa waje kupanga mahari.

Mdogo wangu alishikwa na kuhara. Alikonda mpaka uso wote ukawa macho. Jioni moja Mama alimwendea Bibi, mimi nikiwa nimeshika upindo wa khanga yake, akaomba unga kidogo wa uji wa mtoto.

"Unga umekwisha, mwanangu," Bibi alimjibu. "Umekwisha kabisa."

Kesho yake Mama alimbeba mtoto mgongoni akaenda naye zahanati kwa miguu, wakalazwa huko. Mimi nilipelekwa kwa jirani. Na waliporudi, mtoto bado dhaifu, Mama akakuta sebule yote imebandikwa magazeti mapya. Yanang'aa. Hakuna hata pembe iliyosahauliwa.

Washenga walikuja wiki hiyohiyo. Walichinjiwa jogoo wa mwisho. Kuhusu ugali Bibi aliwaambia wataula siku watakayoleta ng'ombe, na wao, kwa kuziangalia zile kuta, wakadhani ni madaha ya mama mwenye kushiba. Wakacheka, wakataja ng'ombe wa maana, wakaondoka. Yule jirani yetu, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa, akaanza kuwaambia watu kisimani: njaa yote hii, wenzetu wana unga wa kulisha kuta.

Mdogo wangu alifariki siku chache baadaye. Msibani, watu wakiwa wamekaa wamejaa, Mama alisimama akamwelekea Bibi. Sijasahau sauti yake, kwa sababu haikuwa ya kupiga kelele.

"Mama, mjukuu wako amekufa kwa njaa," alisema. "Lakini kuta zako zimeshiba."

Bibi aliinamisha kichwa. Hakujibu neno. Wanawake waliokuwa karibu naye walijisogeza kidogo, kila mmoja kivyake, mpaka akabaki peke yake kwenye jamvi. Mimi nilijilaza ndani nikayatazama yale magazeti mapya. Palikuwa na picha ya timu ya mpira iliyobandikwa kichwa chini, na nililalia ukingo wa mkeka kichwa kikining'inia ili wachezaji wasimame sawasawa. Ndivyo nilivyomaliza msiba ule, nikiwatazama watu wazima waliovaa kaptula wakitabasamu.

Baada ya matanga Baba alirudi ranchi Kongwa, naye Mama alinishika mkono tukahamia Kikuyu, kwa kaka yake. Hakurudi tena. Mimi aliniruhusu kwenda kwa Bibi kila likizo, lakini nikirudi hakuniuliza habari. Bibi kwa upande wake aliniuliza neno moja tu kila nilipofika, kabla sijatua mzigo: "Mama yako anaendeleaje?" Alitutumia mlenda mkavu, alitutumia zabibu za msimu zimefungwa kwenye majani. Mama alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazigawa zote kwa majirani. Bibi alipofariki, Mama alisema ana malaria. Nilimgusa paji la uso. Lilikuwa la baridi kabisa.

Basi ndiyo hiyo kazi niliyokwenda kuifanya. Shangazi alikuja kunisaidia. Siku hizi ni mtu mzima mwenye wajukuu, magoti yanamsumbua, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akawa anakunja makaratasi niliyobandua kwa ajili ya kuyachoma. Mimi nikawa namwagia maji, nangoja kidogo, nakwangua.

Ya juu yalitoka bila ubishi: matangazo ya simu, sura za wagombea ambao hata wao wameshajisahau. Chini yake mengine, na chini yake mengine. Kila tabaka nililolilowesha lilitoa maji meupe kama ya kuoshea mchele, na ile harufu ya uchachu. Wadudu walikuwa wameshafaidi, karatasi zimejaa matundu, kwa sababu mende na wenzake hawali habari, wanakula unga. Nilikuwa nacheka peke yangu nikikutana na vipande nilivyovijua. Hapa nilijifunza neno "mkataba". Hapa palikuwa na mwanamke wa tangazo la sabuni niliyeamini ni ndugu yetu.

Halafu nikaiona timu ya mpira.

Nilisimama nikaiangalia, kichwa kikainama chenyewe. Sikupanga kuwa na hasira, lakini ilikuja, tena nyingi, nikasema moyoni tabaka hili nitalichana kwa kucha zangu. Nikachota maji ya moto nikayamwaga kwa nguvu.

Hayakutoka meupe. Yalitoka rangi ya chai ya rangi. Nilipogusa, vidole viliteleza, vikanata, vikateleza. Karatasi yenyewe haikuwa na tundu hata la sindano. Nyuma yake palikuwa na vipande vidogo vya maganda ya mti, na sisimizi mmoja mzima aliyekwama ndani ya kitu kilichong'aa kama sukari iliyoungua. Nikaweka kidole ulimini. Wewe usinicheke. Mtoto yeyote aliyechunga mbuzi huku kwetu anaijua ladha ile, ambayo kwanza si ladha, halafu inakuja tamu kwa mbali. Tulikuwa tunaibandua kwenye magome ya migunga wakati wa kiangazi na kuitafuna mchana kutwa kudanganya njaa.

"Shangazi," nikasema, "huu si unga."

Aliacha kukunja.

"Si unga," alijibu.

"Ni gundi ya mgunga."

"Tuliikwangua mimi na mama, bibi yako. Tulitoka alfajiri, tukaenda kule juu kwenye vichaka, tukaijaza kwenye kibuyu. Miiba ilituchana mikono hadi kwenye viwiko. Washenga walipokuja mama alijifunika khanga mpaka viganjani, wakadhani ni heshima." Alijifuta uso na karatasi, wino ukambakia shavuni. "Unga ulikuwa umekwisha kweli, mwanangu. Hakumdanganya mama yako."

Nitakwambia ukweli, sikumhurumia. Nilitamani kumrushia ile ndoo.

"Na ukanyamaza miaka yote hii, Shangazi?"

"Mwanzo nilinyamaza kwa ajili yangu, sikufichi. Wangejua nyumba haina hata unga wa kubandikia karatasi, nani angeleta ng'ombe? Na wale ng'ombe ndio waliolivusha boma hili, maziwa yao wewe umeyanywa kila likizo. Nilipokwishaolewa nikasema sasa nakwenda Kikuyu, nikamwambie wifi yangu. Mama akanikataza."

"Kwa nini?"

Nje kulikuwa na gari la mchanga likirudi kinyumenyume kwa mlio wake ule wa kukera, na alisubiri lizime.

"Alisema, 'Mwenzako amezika mtoto. Sasa hivi ana mtu wa kumkasirikia, na mtu huyo ni mimi. Ukimnyang'anya, usiku atajikasirikia mwenyewe, atasema ningekwenda zahanati mapema, ningefanya hivi, ningefanya vile. Mwache. Mimi nimezoea mizigo.' Nikamwambia, lakini mama, watu wanakusema. Akasema watachoka."

Watu hawakuchoka. Nakumbuka Bibi akienda kisimani baada ya wengine wote kurudi. Nakumbuka hakuna aliyemwomba tena amsaidie kubandika, naye alikuwa hodari kuliko wote. Nilikuwa nayaona hayo likizo baada ya likizo, nikadhani ndivyo wazee wanavyoishi.

Magazeti tuliyachoma nyuma ya nyumba. Fundi akaja, akapiga plasta ya saruji, akapaka rangi nyeupe, akaniuliza kama nataka urembo wa jasi darini, nikamwambia aende zake. Siku zote hizo nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Nikimwambia Mama, nitakuwa nimemsafisha Bibi, na Bibi anastahili kusafishwa. Lakini nitakuwa nimemnyang'anya Mama kile ambacho Bibi alikataa asinyang'anywe, tena uzeeni, wakati ambapo hana nguvu ya kujipatia kingine. Nilikuwa nikimwangalia akila, akisali, akinung'unikia miguu yake, nasema leo nitamwambia. Nikimwangalia tena nasema hapana. Usingizi ulinikimbia. Mwisho nikaamua kunyamaza. Niliona kama Bibi aliubeba mzigo ule mpaka kaburini bila kuulalamikia, mimi ni nani niutue njiani.

Mama tulimleta kwa bajaji siku ya Jumamosi. Alisimama mlangoni muda mrefu, ameshika fremu. Akavua viatu. Akaingia taratibu, akaupitisha mkono ukutani, kwenye weupe ule usio na herufi wala picha wala sura ya mtu, akafuata ukuta mpaka nyuma ya mlango, akasimama hapo.

"Yametoka yote, Mama," nilimwambia, nikijaribu kuichangamsha sauti. "Hata yale yaliyobandikwa kwa unga wa mwaka ule. Sasa utalala vizuri."

Alinigeukia.

"Yale hayakubandikwa kwa unga," alisema.

Nikadhani Shangazi ameshafika Kikuyu kabla yangu.

"Wewe una watoto," Mama akaendelea. "Hebu fikiri. Natoka zahanati, mtoto mgongoni analia njaa, sauti imekauka. Naona ukuta una unga. Ningeuacha? Usiku uleule nilikwangua hapa, nyuma ya mlango, nikajaza kikombe, nikatia maji, nikabandika motoni. Ikatoka gundi. Nikampa hiyohiyo, akalamba kidole changu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ukamsema Bibi mbele za watu."

"Ningemsema nani?" Mama aliuliza. "Mvua?"

Alijishusha akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha, mgongo hauugusi ukuta. Alizungumza akiitazama mikono yake. Alisema alijua Bibi hawezi kumjibu, kwa kuwa akijibu washenga watasikia. Alisema alifikiri akishalia akamaliza atakwenda kumwomba radhi, lakini kilio hakikwisha, na kadiri siku zilivyokwenda haya ikawa kubwa kuliko kilio. Zile zabibu asingeweza kuzimeza. Na siku ya mazishi alivaa kabisa, akafunga mtandio, akafika hadi mlangoni kwetu Kikuyu, akavua.

"Si hasira iliyonizuia kuingia humu," alisema. "Hasira ningekuja nayo."

Nikakaa karibu naye. Nilimhurumia, nikamkasirikia, nikamlilia Bibi, vyote kwa pamoja na bila mpangilio. Nikamweleza yote aliyoniambia Shangazi: vichaka vya kule juu, mikono iliyochanwa, maneno ya Bibi kuhusu mtu wa kumkasirikia. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alinishika kiganja, akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya msichana aliyeolewa juzi.

"Yeye alijua kwamba mimi najua?"

Huko nje siku hizi hakuna anayepika uji wa kubandikia ukuta. Migunga imekatwa, jirani yule amekufa, kisima kimefukiwa, na pale lilipokuwa boma la ng'ombe wa mahari pana duka la vioo vya madirisha. Hayo yote nimeyazoea. Lakini swali lile lilikuwa na mtu mmoja wa kulijibu duniani, na mtu huyo tulimwacha aende zake bila hata mmoja wetu kumwuliza kitu. Nilikumbuka zile likizo, kila mara niliposhuka na mzigo wangu kichwani na yeye akauliza neno lake lile moja, na mimi nikajibu hajambo, nikakimbilia mbuzi.

"Sijui, Mama," nikasema.

Hakuniachia mkono. Alikaa akanitazama usoni, ananingoja, kana kwamba nikifikiri vizuri nitakumbuka.